Barua kwa mwanangu: nani acheze filamu ya besiboli?

Mwanangu Zuhura,

Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu. Umeniuliza swali mlilobishania darasani: filamu ya besiboli ikitafutiwa watu, bora kumchukua mchezaji afunzwe kuigiza, au mwigizaji afunzwe kucheza?

Mimi namchukua mwigizaji, mradi awe amerusha mpira tangu utotoni.

Kupiga kunafichika. Mtu anazungusha gongo, picha inakatwa, tunaonyeshwa mpira uko angani. Nani atajua kama uliguswa? Kurusha hakufichiki. Kwa aliyezoea, bega, kiwiko na kiganja vinafuatana vyenyewe. Asiyezoea anausukuma mpira kama anatupa maganda ya ndizi jalalani. Anthony Perkins alikuwa hodari wa kuigiza, lakini katika Fear Strikes Out, filamu ya besiboli ya mwaka 1957, kila akirusha mimi simwamini tena.

Mambo ya mkono wa kulia na kushoto yasiwasumbue sana. Shoeless Joe Jackson wa kweli, mchezaji mashuhuri wa zamani, alipiga kwa kushoto. D.B. Sweeney akajifunza kushoto ili amwigize katika Eight Men Out, 1988. Mwaka uliofuata Ray Liotta akamwigiza yuleyule katika Field of Dreams akipiga kwa kulia. Wajuzi walinung'unika, na haki yao. Mimi nililia vilevile.

Aliyelielewa jambo hili vizuri ni Ron Shelton, aliyeongoza Bull Durham, filamu nyingine ya besiboli. Yeye mwenyewe alicheza ligi ndogo miaka ya 1967 hadi 1971, katika timu zilizo chini ya Baltimore Orioles, timu ya ligi kuu, lakini yeye asifike huko juu. Mwigizaji Kevin Costner alipoitaka nafasi ya mdakaji katika filamu hiyo, hakuishia kusoma maneno mezani. Walikwenda kwenye kizimba cha mazoezi, akapiga mipira Shelton akiangalia. Ndiyo maana ukimtazama Costner amechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira, huoni mtu aliyevalishwa sare asubuhi ile. Charlie Sheen naye alikuwa mrushaji shuleni kabla hajapewa nafasi ya mrushaji katika Major League, 1989.

Wachezaji halisi wawekeni pembeni, kwenye nafasi zisizo na maneno mengi. Humohumo katika Major League, yule mpigaji wa kutisha wa timu pinzani, Yankees, ni Pete Vuckovich, mchezaji wa kweli na mshindi wa tuzo ya Cy Young ya 1982. Tuzo hiyo ni ya warushaji! Wakampa gongo, na masharubu yake yakamaliza kazi. Katika Moneyball ya 2011, mchezaji Miguel Tejada aliigizwa na Royce Clayton, aliyecheza ligi kuu miaka mingi.

Kwa hiyo siku ya majaribio yenu, watoeni watu nje wawili wawili warushiane mpira kwanza. Karatasi za maneno zisubiri.

Halafu huyo mwenzako anayeuliza mbona mwigizaji Kurt Russell hatajwi: ni kweli alicheza ligi ndogo, mpaka alipoumia bega mwaka 1973 akarudi kwenye kuigiza. Lakini nafasi yake kubwa ya michezo waliyompa ni Miracle, 2004, na humo ni kocha wa magongo ya barafuni. Hollywood hiyo.

Mama yako