Kupima usanifu wa klasi: kwa anayeanza kazi ya programu Mwanza

Ukijiunga na timu ya programu hapa Mwanza, huenda ukakabidhiwa mfumo wa kupokea samaki mwaloni: uzito, bei kwa kilo, risiti, ujumbe kwa mvuvi. Kabla hujagusa msimbo, upime. Anza na vipimo viwili tu, mshikamano ndani ya klasi (kiasi ambacho methodi zake zinatumia vigeu vilevile) na utegemezi baina ya klasi. Vyote vimo katika vipimo sita vya watafiti Chidamber na Kemerer vya mwaka 1994.

Mshikamano ukokotoe kwa mkono kwanza, ndipo utaelewa zana inasema nini. Tuseme klasi PokeaMzigo ina methodi nne. pimaUzito inatumia vigeu uzito na daraja. KokotoaMalipo inatumia hivyohivyo pamoja na beiKwaKilo. ChapishaRisiti inatumia printa tu. TumaUjumbe inatumia nambaYaSimu tu. Methodi nne zinatoa jozi 6. Jozi moja ina vigeu vya pamoja, tano hazina. Toa 1 kwenye 5, unapata LCOM, yaani kipimo cha ukosefu wa mshikamano, ya 4; ikiwa kubwa, mshikamano ni mdogo. Jibu likiwa hasi, andika sifuri. Hamishia risiti na ujumbe kwenye klasi zao, iliyobaki inashuka hadi 0. Faida yake utaiona mnunuzi atakapotaka mabondo yawe na bei yake, tofauti na minofu: unagusa hesabu ya malipo, printa huigusi.

Lakini kipimo hiki hudanganya. Klasi ya kubeba data yenye vigeu vinne na methodi nne, kila moja ikisoma kigeu chake, inapata 6 wakati haina ubaya wowote. Na sifuri si cheti cha ubora, maana klasi nyingi zenye mshikamano tofauti kabisa huishia hapohapo. Namba ikuelekeze klasi ya kufungua. Uamuzi utoe baada ya kuisoma.

Utegemezi, yaani CBO, ni idadi ya klasi nyingine ambazo klasi yako imefungamana nazo, iwe inaziita au zinaiita. Hapa zana hutofautiana: nyingine huhesabu maktaba za lugha yenyewe, nyingine huziacha. Kwa hiyo usilinganishe namba za zana mbili. Tumia moja, kwa mipangilio ileile, na uhifadhi matokeo ya kila toleo.

Kina cha urithi, yaani idadi ya ngazi za klasi mama zilizo juu ya klasi yako, kitazame haraka tu. Kikizidi ngazi tatu au nne kwenye mfumo wa kawaida wa biashara, uliza kwa nini.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni ugumu wa McCabe: idadi ya maamuzi (kama if au while) ndani ya methodi, jumlisha 1. McCabe mwenyewe, mwaka 1976, alipendekeza kikomo cha 10. Methodi yenye maamuzi 11 ina ugumu wa 12. Ukiigawa vipande vitatu, kila kipande kinakuwa chepesi, ila jumla ya klasi inapanda hadi 14. Usishtuke, na msimamizi asikulaumu kwa ongezeko hilo. Kosa ni kugawa ili namba ishuke, vipande vikabaki na majina kama sehemuA na sehemuB. Kama kipande hakina jina linaloeleza kazi yake, kirudishe kilikotoka.

Ukikosa muda wa kupitia klasi zote, chukua historia ya mabadiliko, tafuta zinazoguswa kila wiki, kisha zipime hizo kwanza. Klasi yenye namba mbaya ambayo haijaguswa miaka miwili inaweza kusubiri.