Giaboksi ya Pikipiki ya Zamani Ikivuja, Weka Silikoni Kando

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Pikipiki yake ya Kiingereza, ya mwaka 1969, inaacha doa la oili chini ya giaboksi kila ikilala. Sili ya sproketi (pete ya mpira inayozuia oili kwenye gurudumu la meno linalovuta cheni) kabadilisha, gasketi kabadilisha, doa liko palepale. Fundi wake kamwambia azoee, eti pikipiki hizi zote huvuja, na siku isipovuja ujue oili imekwisha.

Mzaha huo naujua vizuri. Fundi niliyempelekea yangu aliutoa huku anacheka, hela yangu iko mfukoni mwake tayari. Alikuwa amepaka silikoni nyekundu kila kiungo mpaka imetokeza nje kama ufizi. Nilipokuja kufungua kifuniko mwenyewe nikaikuta na ndani, imekatika vipande, vinaelea kwenye oili, kimoja kimeganda kwenye kitundu cha kulainishia bushi, ile pete ambamo shafti inazungukia. Bushi ya shaba ikinyimwa oili inakufa kimyakimya, halafu unaambiwa mashine imezeeka. Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Sasa yangu inalala juu ya kadibodi nyeupe na kadibodi inaamka nyeupe. Najisifu, ndiyo. Wanaonijua wameshachoka kuoneshwa hiyo kadibodi.

Siri yenyewe ni fupi: ujue oili inatokea wapi kabla hujanunua chochote. Pale inapodondokea si pale inapotokea. Oili hutambaa, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo osha giaboksi nzima kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke kabisa, uipake poda ya watoto, kisha uendeshe kidogo tu. Ukirudi, shika tochi. Utaona mstari mwembamba ambapo poda imelowa na kugeuka kijivu. Ufuate kwenda juu hadi unapoishia.

Nusa pia, sitanii. Oili nzito ya giaboksi, EP 90, huwa na salfa, na harufu yake kali haifanani na ya oili ya injini. Tone lisiponuka hivyo, basi huenda linatoka kwenye kesi ya klachi, au ni ile oili uliyoimwagia cheni jana. Nimeona watu wakipasua giaboksi nzima kwa dhambi ya cheni.

Kwangu kila mtu aliapa kuwa ni sili. Sili ilikuwa nzima kabisa! Kwenye giaboksi kama yangu, sili hukaba sproketi kwa nje, lakini sproketi yenyewe imevishwa kwenye meno ya shafti, na katikati ya meno hayo kuna uwazi. Oili ilikuwa inapenya humo, inatokea chini ya nati kubwa, kisha sproketi inairusha kila upande. Hata ungebadilisha sili kila mwezi usingeiziba njia hiyo, maana iko ndani ya sproketi, na sili iko nje. Dawa yake ni kuvua sproketi, kusafisha meno kwa petroli mpaka yasiwe na utelezi, kupaka gundi ya gasketi kidogo kwenye meno na kwenye uso wa nati, kukaza, na kuiacha ikauke kabla ya kujaza oili. Namna ya kutoa klachi ili ufike huko sielezi, kila kitabu cha matengenezo kinayo.

Ukiwa hapo, pitisha ukucha kwenye shingo ya sproketi, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji umelika, na sili mpya itavuja kama ya zamani. Badilisha sproketi, au ivishe bamba jembamba la chuma linalotengenezwa kwa kazi hiyo. Sili nayo iingie upande wenye springi ukitazama oili, mdomo umepakwa grisi. Tafadhali, springi itazame oili. Nimeshaikuta imegeuzwa, na aliyeigeuza anaitwa fundi.

Kuhusu kifuniko: kilaze kwenye kioo nene chenye msasa namba 400 uliolowa, ukizungushe taratibu bila kukandamiza. Changu kilipata mng'aro kwenye pembe, katikati ya skrubu mbili pakabaki rangi ya zamani. Hapo palibonyea, kwa sababu kuna mtu alikaza skrubu kwa hasira. Aluminiamu haitaki hasira. Uso ukinyooka, gasketi ya karatasi inatosha.

Halafu kuna wanaovujisha wenyewe kwa kujaza kupita kiasi. Triumph za zamani za silinda mbili zenye giaboksi na injini kwenye ganda moja, kama T120, zina skrubu ndogo katikati ya bolti ya kumwagia: unaifungua, oili inachuruzika mpaka inaacha yenyewe, na hicho ndicho kimo chake. Ni kama nusu lita tu. Kwa aina nyingine angalia na kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, hewa ikipata moto hutanuka na kuisukuma oili itafute mlango.

Ndugu zangu, tunaopenda mashine hizi tuache uvivu. Ungetaka ya kutia petroli na kuondoka ungenunua mpya. Silikoni ni njia ya kutofikiri, na anayekuuzia kutofikiri hakuheshimu, wala haiheshimu mashine yako. Tafuta chanzo kwanza. Narudia, chanzo kwanza.

Na wewe ndugu uliyeniandikia, sili usiiguse tena. Fika kwenye nati ya sproketi uangalie nyuzi zake. Zikiwa zimelowa oili yenye salfa, tatizo lako ndilo langu. Nyoosha kwanza ile washa, bati lililokunjwa kuizuia nati isilegee, cheni ikiwa bado iko mahali pake, mtu akukanyagie breki ya nyuma huku ukifungua kwa soketi yenye saizi kamili. Patasi na nyundo viache kwenye sanduku. Ukikuta nyuzi kavu, nitumie picha ya ule mstari wa poda.