Hilo dodoso umelitunga na nani?

Simama kwanza, usipande gari la kwenda Hindi, kule Lamu. Unasema dodoso la maswali 64 limeshachapwa, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, unacho, na wiki ijayo unaingia Basuba, huko huko Lamu, kuwauliza akina mama wa Kiboni walijifungulia wapi na watoto wachanga walitunzwa vipi. Sasa unataka kujua posho, mkalimani na idadi ya wahojiwa. Hayo baadaye. Kama hakuna mama hata mmoja wa huko aliyesomewa maswali hayo kabla hayajachapwa, liweke kabatini.

Nasema kwa uchungu. Mapema 2018 nilikuwa kwenye kijiji cha Waaweer, hao hao tunaowaita Waboni, upande wa Witu, na dodoso lililotoka kwenye utafiti wa nchi nyingine. Msimamizi wangu aliniambia, "Limeshapimwa, usiguse hata nukta." Swali lenyewe: kwa nini hukujifungulia hospitali? Majibu ya kuzungushia: gharama, umbali, mume alikataa, mila, na mwisho 96, yaani "nyingine".

Mama mmoja, bado binti, akanisimulia uchungu ulivyomshika baada ya magharibi, mwaka 2017, miezi ile ya kafyu Lamu. Mwenye pikipiki aliogopa vizuizi vya askari, akaogopa na wapiganaji walio msituni. Wakaamua kungoja kupambazuke. Mtoto hakungoja. Mkunga alikata kitovu, akakifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye upindo wa leso, akamfunika mtoto kwa leso hiyo hiyo. Nyayo zikawa baridi, kisha mwili mzima, na kulipokucha hakuwa hai. Leso akanionyesha. Upindo ulikuwa umefumuka upande mmoja.

Nami nikafanya nini? Nikazungushia 96, nikafungua ukurasa. Swali lililofuata lilihusu sabuni ya kunawia mikono.

Wengi walinieleza habari ile ile ya usiku na barabara. Wote 96. Tulipofika kwenye uchambuzi, msimamizi akasema hizo 96 zimezidi, ziunganishwe na "mila". Nilikuwa mgeni wa kazi, nikanyamaza. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka: mtu hajakanyaga Witu, anakaa kwenye feni na kuwaamulia wanawake walichosema! Ripoti ikatoka ikidai akina mama hawa wanang'ang'ania mila. Kikao cha Lamu kikaazimia wapewe elimu. Gari la wagonjwa la usiku halikutajwa.

Miezi michache baadaye nikarudi kuwasomea matokeo. Bibi mkunga alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikwambia kizuizi. Mbona umeandika mila?" Kisha, "Na hao Boni ni nani? Sisi ni Aweer." Akakung'uta mchanga kwenye leso, akaondoka, wenzake wakamfuata. Nikabaki na mzee wa kijiji na karatasi zangu.

Basi shika hili moja: swali litungwe nao, na jibu libaki na jina walilolipa wao. Nenda bila karatasi. Kaa na wakunga na waliojifungua karibuni, wazee wa kiume wasiwepo, mama wakwe wasiwepo. Waulize wao wangependa kujua nini. Huenda wanataka zihesabiwe siku ambazo zahanati ilifungwa. Huenda wanataka ijulikane kwamba kujifungua katika vituo vya serikali kulifanywa bure Juni 2013, lakini nauli ya kufika huko haikufanywa bure. Na rasimu isomwe kwao kwa sauti kabla haijafika Lamu wala Nairobi, wakiwa na haki ya kusema hapana. Nauli ya safari hiyo ya kurudi itenge leo, kabla pesa hazijaisha. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, waliandika kanuni zao za maadili kwa watafiti mwaka 2017, kwa kuchoshwa na watu wanaochukua maneno yao na kupotea. Zisome.

Mkalimani awe mwanamke wa hapo hapo ambaye wakunga wanamwamini. Mimi nilipewa kijana wa kiume. Kila tulipofika kwenye habari ya damu alitazama chini na kufupisha, na mama naye akafupisha.

Posho waulize wenyewe. Hilo dodoso nitumie kabla ya Ijumaa nikuonyeshe 96 zako zitakuwa wapi.