Swali la lugha: ushahidi unaofunga mjadala

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika ripoti za doria ya uvuvi hapa Mwanza kwa Kiingereza. Niliandika "very conclusive proof", bosi akafuta "very". Kwa nini? Nipeni na visawe. – Katibu, Kirumba

JIBU: Ndugu Katibu, bosi kakutendea haki. "Conclusive" ni ushahidi usioacha mwanya wa kubishana, na mjadala ukishafungwa haufungwi "sana". "More conclusive" utaikuta unapolinganisha vipimo viwili, lakini "very" inalidhoofisha neno.

Litangulize mbele ya "evidence", "proof" au "results". Kwa shahidi mwenyewe halifai. Yeye ni "convincing".

Kosa kubwa la ripoti ni kutosema ushahidi umefunga jambo gani. Sangara amelazwa kwenye rula, pua hadi mkia sentimita 43, na kima cha chini ni 50. Hapo andika: "The measurement is conclusive proof that the fish is undersized." Lakini rula haisemi nani kamvua. Picha ya mtumbwi iliyopigwa kwa mbali ikimwonyesha mtu akivuta nyavu ni "strong" au, ukiipendelea, "compelling": ina nguvu, ila bado inapingika.

"Irrefutable" na "incontrovertible" yana uzito uleule wa "conclusive", ila "incontrovertible" lina harufu ya mahakamani. "Decisive" ni kinachoamua matokeo, kama bao la dakika ya 90. "Definitive" lihifadhi kwa jibu au kitabu cha mwisho katika mada yake. Kipimo kisichotoa jibu ni "inconclusive", kirudieni.