Stadi ya tairi ikikatika baada ya kubadili matairi ya winta, usikubali kuambiwa nne zilizobaki zinatosha

Ndugu zangu mlioko huku Quebec, na nyie wa Ontario, Minnesota na kule Sweden ambako nako watu wanabadili matairi mara mbili kwa mwaka, leo tuongelee stadi, zile bolti zinazochomoza kwenye habu (kile kitovu cha chuma kinachozunguka na tairi) ambazo rimu inavishwa alafu nati inakazwa juu yake. Wengi wetu tumekulia sehemu ambazo tairi linatolewa likipata pancha au likiisha basi. Huku kwetu Quebec sheria inataka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi gari liwe na matairi ya winta yenye ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake, kwahiyo kila mwaka nati zako zinafunguliwa zote na kufungwa zote Novemba, alafu tena Aprili, na chumvi ya barabarani inazila katikati hapo. Hesabu gari la miaka kumi limepitia mikono mingapi.

Mimi yalinikuta msimu wa kurudisha matairi ya sama, yaani ya kiangazi. Gari ni Corolla, fundi wa gereji moja hivi anafungua tairi la nyuma kushoto, nati ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikalia kidogo alafu ikatoka na kipande cha stadi ndani yake. Wakavisha tairi la sama na nati nne, na yule wa kaunta akaniambia nne zinatosha, endesha tu utarudi ukipata nafasi, stadi hawana leo. Nilikataa. Sikuwa na hasira naye, ila tairi ni tairi na nyuma nabeba watoto, na nilishamuona mama mmoja wa kanisani kwetu gari lake linagonga ngo-ngo-ngo kwa chini wiki moja tu baada ya kubadilishiwa matairi, tulivyoangalia nati mbili unazizungusha kwa vidole. Gari likalala pale pale, kesho yake nikamleta fundi mmoja mtu wa Bukavu anayefanya kazi za kwenda kwa watu, na yale aliyonionesha siku ile ndiyo yamenifanya niandike hapa.

Alitoa stadi iliyokatika, alafu akachukua stadi mpya akailaza ubavuni mwa ile ya jirani yake ambayo haijakatika, uzi kwa uzi, yaani ile mikunjo ya skrubu ambayo nati inapita. Mwanzoni zinaingiana vizuri, ukifika katikati uzi haulingani tena, ya zamani imerefuka. Kwa macho huwezi kuona chochote ikiwa peke yake! Akaniambia, yaya (kwao ni kama kusema mkubwa wangu), hizi zimeisha, tubadirishe zote tano. Tukabadilisha zote tano.

Sasa kwanini imerefuka, hapa nitakaa kidogo kwasababu ukielewa hili huhitaji tena kubishana na mtu wa kaunta. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana kama raba, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo inayoibana rimu kwenye habu. Rimu haining'inii kwenye stadi, inashikwa na huo mbano, chuma kwa chuma. Ukikaza kupita kiasi stadi inavutika mpaka inapita pale inapoweza kurudi, inabaki ndefu na imechoka, na siku hiyo haikatiki, utaendesha nayo winta nzima bila kujua. Na ukikaza kidogo mno nako ni balaa, maana mbano hautoshi, rimu inaanza kucheza na stadi inapindwa huku na huku kila tairi likizunguka, chuma kikipindwa hivo mara maelfu kinapata ufa na kinakatika. Kwahiyo stadi iliyokatika Aprili mara nyingi imeuliwa Novemba, au Novemba ya mwaka juzi kabla hujalinunua gari, na aliyekuwa ameishika siku inakatika pengine hana kosa kabisa. Ndio maana pia ukiona moja imekatika usifikirie ni hiyo moja tu, jirani zake walikazwa na mkono ule ule, na tangu hiyo moja ife wao ndio wanabeba mzigo wake.

Corolla yangu kitabu kinasema nati zikazwe nyutoni mita 103, kama futi-pauni 76 hivi. Civic nyingi ni 108, yaani 80. Sio nguvu kubwa hiyo, mtu wa kawaida anaifikisha kwa mkono bila kuning'inia kwenye spana. Sasa zile mashine za upepo za gereji, zile zinazolia trrrr, nyingi za nusu inchi zinapita nyutoni mita 500 bila shida, na Novemba theluji ya kwanza ikitabiriwa simu za gereji hazishikiki, magari yamepanga foleni mpaka barabarani, kijana amepewa dakika chache kwa kila gari, unategemea nini. Mashine ya kufungulia sina ugomvi nayo. Ya kufungia ndio ugomvi wangu, tena hata hapo isingekuwa mbaya kama angeanzisha nati kwa vidole, akaisogeza kwa mashine kidogo, alafu akamalizia na toki renchi, ile spana inayolia klik ikifika kipimo. Kuna gereji wanatumia vile vifimbo vya kupunguza nguvu ya mashine, ni bora kuliko hakuna, ila hakikisho la mwisho bado ni klik.

Kuanzisha kwa vidole narudia maana ndiyo chanzo kingine kikubwa. Nati ikiingia upande, mashine inailazimisha tu, uzi unaliwa, inakaa imebana lakini imebana kwa kulana, sio kwa kuvuta. Siku ya kufungua ndio inang'ang'ania mpaka stadi inajikata. Nati nzuri inaingia kwa vidole zaidi ya nusu ya safari yake. Ikigoma mzunguko wa pili, itoe, piga brashi ya waya, jaribu tena, ikigoma tena hiyo sio ya kulazimishwa.

Alafu kuna jambo ambalo naona watu wetu wengi hawaambiwi kabisa, nalo ni nati zenyewe. Wengi tuna rimu mbili, za chuma kwa winta na za aloi kwa sama, na nati zake sio lazima ziwe moja. Toyota nyingi zilizokuja na rimu za aloi za kiwandani nati yake ina shingo ndefu na washa bapa, inakaa bapa. Rimu za chuma na aloi nyingi za dukani zinataka nati yenye mdomo wa koni. Honda za kiwandani zinataka mdomo wa mviringo kama mpira. Ukifunga nati ya bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, toki renchi italia klik vizuri kabisa na bado hakuna mbano wa maana, baada ya kilomita kadhaa inalegea. Kwahiyo ukinunua seti ya rimu za winta kwa mtu mtandaoni muulize na nati zake, alafu zihifadhi kwenye mfuko ulioandikwa winta na sama. Ukiona rangi imekwanguka upande mmoja tu wa tundu, au tundu limekuwa kama yai, hiyo rimu usiivae.

Kutu nako. Chumvi ya huku inajenga ganda la kutu kati ya rimu na habu, ukifunga rimu juu ya ganda hilo unabana kutu, siku mbili tatu kutu inasagika inaondoka na mbano unaondoka nayo. Brashi ya waya kwenye uso wa habu na mgongo wa rimu, dakika chache kila tairi. Grisi kidogo sana naweka kwenye ile shingo ya katikati ya habu ili rimu isigande, kwenye uzi wa stadi hapana, na kwenye kiti cha nati, pale inapogusa rimu, hapana. Najua wapo wanaopaka na wanaapa kwamba haina neno. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu unayokazia inaliwa na msuguano, ni kama sehemu moja ya kumi tu inayobaki kuvuta stadi, sasa ukilainisha uzi, ile 103 yako inavuta stadi zaidi sana ya alivyokusudia aliyelitengeneza gari. Kama kitabu chako hakisemi paka, usipake.

Tuje kwenye kubadilisha. Stadi yenyewe ni ya dola chache, gharama ni kazi. Usinunue kwa kuangalia uzi tu. Corolla na Civic ni milimita 12 kwa 1.5, yaani unene wa stadi na umbali wa uzi mmoja hadi mwingine, Nissan na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25, pikapu kubwa 14 kwa 1.5, lakini kuna kitu kingine muhimu, unene wa yale meno ya shingoni yanayojing'ata ndani ya habu, na urefu. Meno yakiwa membamba stadi itazunguka ndani ya tundu, yakiwa manene utaumiza habu. Mpe mtu wa spea namba ya chesesi na umwambie mbele au nyuma, maana huwa zinatofautiana. Nunua na nati mpya, usivishe nati iliyokula uzi kwenye stadi mpya, unaanza tatizo upya.

Gari likiwa limekaa kwenye stendi, sio jeki peke yake, unatoa kalipa (ile inayobana diski ya breki) na kuining'iniza kwa waya isivute hozi ya breki, unatoa diski au dramu, alafu stadi ya zamani inasukumwa nyuma. Fundi wengi wanapiga nyundo na mara nyingi inatoka, ila kumbuka nyuma yake kuna beringi, nyundo nzito za kurudia rudia zinaweza kuiachia alama na baada ya muda unasikia gari linavuma. Kuna kifaa kama klampu kinachosukuma taratibu, fundi wangu alikuwa nacho, na kama unampigia mtu simu muulize kabla hajaja. Magari mengine nyuma ya habu hakuna nafasi ya stadi kupita, unazungusha habu kutafuta upenyo, ukikosa inabidi habu itoke na hapo bei inapanda, muulize mapema.

Mpya inaingia kwa nyuma, unalinganisha meno na mifereji ya zamani, unapanga washa kadhaa zenye grisi katikati yake, alafu unavuta kwa nati ya wazi iliyogeuzwa, taratibu kwa spana ya mkono mpaka kichwa kikae kimegusa kabisa nyuma ya habu. Kiangalie kwa tochi. Kikibaki na mwanya hata mdogo, ukiendesha kitajivuta chenyewe kukaa na nati italegea. Nati hiyo ya kuvutia itupe.

Kuna hali mbaya zaidi, stadi inazunguka pamoja na nati na haitoki. Hapo meno yameliwa, hakuna spana itakayosaidia, nati inapasuliwa au inakatwa, ni kazi ya fundi mwenye vifaa na subira na rimu ya aloi inaweza kuumia, kwahiyo mkubaliane kabla hajaanza. Wenye Volkswagen, BMW na Mercedes nyie wengi hamna stadi, mna bolti zinazoingia kwenye habu, bolti ikichoka unanunua nyingine na imeisha, ila ikikatikia ndani ndio kazi ya kuichomoa.

Na kama imekatika uko mbali na nyumbani? Yenye tano ikibaki na nne zilizo nzima, tena umezikagua, watu wanaisogeza taratibu mpaka gereji ya karibu, mimi hapo siwezi kukuzuia, lakini sio haiwei ya kilomita 100 kwa saa na sio wiki nzima ya kazini. Gari dogo lenye stadi nne likipoteza moja limepoteza robo, hilo liite gari la kuvuta. Zikikatika mbili kwenye tairi moja, iwe zilikuwa nne au tano, usisogeze kabisa.

Kwa gereji sema kabla hawajaanza, tafadhali malizia kwa mkono, kipimo changu ni hiki, na waandike kwenye risiti. Hakuna fundi mwenye heshima atakayechukia. Kaza kwa mtindo wa nyota, moja alafu ya mkabala wake, na klik ya mwisho iwe tairi limegusa chini. Kisha ukishatembea kilomita 80 mpaka 100 rudia klik tena tairi zikiwa zimepoa. Gereji nyingi huku wanakuandikia hilo chini ya risiti kwa maandishi madogo ya Kifaransa na watu wetu wanalipita. Toki renchi ya kuanzia sio ghali, tunaweza kununua moja familia tatu nne tukaazimana, ukimaliza ishushe mpaka namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka maana springi yake ikikaa imebanwa inaharibika. Na zile nati za kufuli zenye ufunguo wake, ufunguo ukae kwenye gari, sehemu moja na jeki, mwambie na mwenzio anayeendesha uko wapi.