Mahindi ya ukungu usimpe hata kuku

Nyumbani kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, punje haikutupwa. Mahindi yakiota ukungu, mama aliyachambua: mazuri ni yetu, yenye rangi ya kijani ni ya kuku, na ya katikati alikuja kuyachukua jirani mpika pombe. Tulijiona watu makini kweli. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara wakaanza kuumwa tumbo na kutapika, macho yakawa ya manjano, wengine wakafa. Ndipo neno sumukuvu likaingia midomoni mwetu.

Sumu hii hutengenezwa na kuvu, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu unaweza kumwona. Sumu yenyewe huioni wala huinusi, na moto wa jikoni hauiondoi. Hapo ndipo nilipobishana na mama muda mrefu. "Ugali umeiva, sumu gani itabaki?" Inabaki, mama. Ukila nyingi kwa mkupuo, ini linaharibika upesi. Ukila kidogo kidogo miaka nenda rudi, unaikaribisha saratani, na mwenye homa ya ini B hatari yake huzidi sana. Ng'ombe anayelishwa pumba za mahindi hayo huitoa sumu kwenye maziwa, kwa hiyo tulichowatupia mifugo kilikuwa kinaturudia mezani.

Siku hizi hatuaniki tena chini, tunatandika turubai. Kabla ya kufunga gunia, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani. Mama, aliyekuwa mbishi, sasa haruhusu mtu mwingine aishike hiyo chupa. Magunia yake hukaa juu ya kichanja, mbali na ukuta.

Halafu kuna vile vidonge vya kufukizia dumuzi, wadudu watoboao mahindi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui kati ya mdudu na mtu. Sisi tuliweka magunia yenye vidonge chumba walicholala watoto! Nikikumbuka, mwili unanisisimka. Usifanye hivyo hata usiku mmoja.

Mahindi mabovu sasa tunayafukia shimoni. Jirani mpika pombe bado hajatusamehe.