Vitabu vya kale vya Wablackfeet: maswali yenu

Nina kitabu cha James Willard Schultz cha 1912 kuhusu Wablackfeet, wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini. Ni chapa ya kwanza? Kina thamani gani?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi mwaka ameuona wapi. Tazama ukurasa wa jina la kitabu, si nyuma yake. Wachapishaji wake, Houghton Mifflin wa Boston, kwa kawaida waliuweka mwaka hapo katika chapa ya kwanza. Ukikuta jina la Grosset & Dunlap, hiyo ni chapa ya bei nafuu iliyorudiwa baadaye, hata kama mwaka wa hakimiliki nyuma ya ukurasa ni ule wa mwanzo. Wauzaji wengi wanautaja mwaka huo tu. Bei hailetwi na mwaka peke yake: hesabu picha zote kwa kufuata orodha ya picha iliyo kitabuni. Mimi niliwahi kununua nakala iliyokatwa picha nne kwa wembe, karibu kabisa na mshono, nikagundua nilipofika nyumbani.

Ukurasa umechanika. Nibandike seloteipu?

Hapana. Gundi yake inageuka njano na doa halitoki tena.

Nianze na kipi, na je, hadithi hizi za Wahindi Wekundu ni za kweli?

Kwanza tuache jina hilo. Wablackfeet wenyewe wanajiita Niitsitapi, yaani watu halisi, na wana makundi yao: Piikani, Kainai, Siksika. Anayekusanya vitabu vyao ayajue majina hayo kabla ya kujua bei.

Anza na *My Life as an Indian* cha 1907. Schultz alifika Montana, Marekani, akiwa kijana mnamo 1877, akaishi na Wapiikani, wakampa jina Apikuni, na akaoa kwao. Ndiyo maana anajua jinsi hema linavyosimamishwa na nyati wanavyowindwa. Lakini alikuwa mwandishi wa kuuza hadithi, hasa zile za vijana alizoandika baadaye, na mazungumzo marefu anayoyaweka vinywani mwa wazee msiyachukue kama ushahidi.

Kinachoniuma ni wasomaji wanaopenda farasi na mishale tu. Tarehe 23 Januari 1870 askari wa Marekani wakiongozwa na Meja Eugene Baker walishambulia kambi ya Heavy Runner, chifu wa Wapiikani, kando ya mto Marias huko Montana. Kambini mlikuwa na ndui. Jeshi lenyewe lilihesabu maiti 173, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hakuna aliyeadhibiwa. Kisha nyati wakaisha, na katika majira ya baridi ya 1883 hadi 1884 mamia ya watu walikufa kwa njaa. Ukisoma kisa cha uwindaji wa miaka ya 1870, kumbuka kwamba watoto wale wanaokimbia na farasi walikuwa wamebakiza miaka michache tu ya kushiba.

Rafu yangu iko dirishani. Kuna ubaya?

Upo. Jua linafifisha mgongo wa kitabu, na unyevu unaleta ukungu. Vihamishe leo.

Sina pesa ya chapa za kale. Nifanyeje?

Vitabu vya 1907 na 1912 havina tena hakimiliki Marekani. Visome bure mtandaoni. Pesa uliyookoa nunua riwaya *Fools Crow* ya James Welch, 1986. Baba yake Welch alikuwa Mblackfeet, na kitabu kinakupeleka mpaka Marias, safari hii ukiwa ndani ya kambi.